Kwa Nini Plau Hutetemeka

Mtu ashikaye mikono ya plau ivutwayo na maksai husikia jambo ambalo mtazamaji aliye kando ya shamba halioni. Plau haiendi sawasawa kama mtumbwi katika maji matulivu. Hutetemeka, mara huwa nzito, mara huwa nyepesi, na mnyororo hukazika kisha hulegea kidogo. Maksai ni wale wale, na chuma ni kile kile. Basi kinachobadilika ni nini? Ni udongo.

Chuma kikatacho ardhi husukuma udongo ulio mbele yake. Udongo huo hauondoki mara moja. Kwanza hujikaza na kukisukuma chuma nyuma, na nguvu zake huzidi mpaka unaposhindwa. Hapo hupasuka, na bonge moja huinuka na kupinduka. Chuma hupata nafasi kitambo kidogo, kisha hukuta bonge jingine. Hivyo mzigo wa maksai hupanda na kushuka, nao ndio mtetemo usikiwao mikononi.

Je, udongo hushindana kwa nguvu gani? Mwaka 1776 ilichapwa kazi ya Charles-Augustin Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, iliyoonyesha kwamba nguvu hizo ni mbili. Ya kwanza ni kushikamana kwa chembe za udongo. Ya pili ni kusuguana kwake, na msuguano huu huzidi kwa kadiri chembe zinavyogandamizwa. Mchanga mkavu haushikamani, bali husuguana tu. Udongo wa mfinyanzi hushikamana sana. Tena, plau iingiapo chini zaidi, hukuta udongo uliolemewa na udongo mwingine juu yake, na bonge la kuinuliwa huwa kubwa zaidi.

Ninyi wenyewe mwaweza kulijaribu jambo hili shuleni. Jazeni mchanga mkavu katika sanduku. Simamisheni kipande cha ubao ndani yake, kifungeni kamba, mkivute kwa mizani ya kamani, na kuandika hesabu mnayoiona. Kisha kishindilieni mara 2 kwenda chini, mvute tena. Mwisho lowesheni mchanga kidogo, mpime mara ya tatu. Hesabu hizo 3 zitawafundisha mengi.

Watu wazima pia hufanya hivyo. Mwaka 1935, huko Auburn katika jimbo la Alabama, Marekani, ilianzishwa karakana ya kupima vyombo vya kulimia. Yalitengenezwa mahandaki marefu yaliyojazwa udongo wa namna mbalimbali, na vyombo vikakokotwa ndani yake na kupimwa. Kwa hesabu za namna hiyo mtengenezaji wa plau aweza kukisia mzigo kabla chuma hakijafuliwa.

Mkulima naye ana kipimo chake. Kabla ya kufunga nira, na achukue udongo wa shamba lake mkononi na kuufinya. Ukiwa mgumu kama tofali, maksai watachoka bure na chuma chaweza kuvunjika. Ukinata kama ugali, na angoje. Maana udongo uliolimwa ukiwa tope hushindiliwa chini ya plau, ukafanya tabaka gumu ambalo mizizi huona taabu kulipenya. Lakini ukimeguka vizuri, siku ya kulima imefika. Maksai hawawezi kusema, “Leo udongo ni mzito.” Yampasa mwenye plau kulijua hilo kabla yao.