Alichokikataa Ng'ombe

Ukipita kwenye malisho yaliyochungwa kupita kiasi, iwe Ankole au Kagera, utaona mashungi ya nyasi yamesimama huku pembeni kote kumelambwa hadi udongoni. Mara nyingi ni nyasi za jenasi ya Sporobolus, hasa Sporobolus pyramidalis. Mfugaji huziona hasara. Mfunga mafagio huziendea kwanza, na kinachowatofautisha wawili hao ni kimoja tu: ugumu.

Nyasi hufyonza silika udongoni, madini yale yale ya mchanga, na kuilundika kwenye ngozi ya majani na mabua. Zikishachanua, bua huongeza lignini, dutu inayoupa mti ugumu wake. Kwa ng'ombe, hicho ni chakula kisichosagika. Kwa fagio, ni ufito unaopinda ukigusa sakafu kisha ukajinyoosha wenyewe. Suke nalo ni refu, lenye vitawi vingi vyembamba vinavyonasa vumbi laini ambalo chelewa hulipita. (Chelewa hutoka kwenye ukuti, na mnazi si nyasi, ufalme wa chelewa ni uwanja wa mchanga.)

Kuvuna hakuhitaji kisu. Juu kidogo ya kila kifundo cha bua, ndani ya ala ya jani, kuna sehemu laini ambamo ukuaji bado unaendelea. Ukilivuta bua taratibu, hukatikia hapo na kuchomoka, shungi likabaki kuchipua tena. Mtoto yeyote aliyewahi kutafuna ile ncha nyeupe yenye utamu anaifahamu. Kigumu ni kulenga wakati. Ukiwahi mno, bua bichi hunywea likikauka. Ukichelewa, limeshakuwa kavu na litavunjika, tena mbegu zitadondoka ndani ya nyumba. Ndiyo maana fagio jipya hukung'utwa nje kwanza.

Kwingine watu hawakungoja malisho yawape. Mtama wa fagio ni spishi ile ile ya mtama wa ugali, Sorghum bicolor, ila wakulima waliuchagua kizazi kwa kizazi mpaka suke likawa la vitawi virefu badala ya punje nyingi. Huvunwa ungali kijani, ukakaushwa kivulini. Nepal wana Thysanolaena latifolia, waiitayo amriso, inayopandwa kwenye kingo za matuta ya milimani: mizizi hushika udongo, majani hulisha mifugo, masuke huuzwa. Huo ni mmea ninaouonea wivu kwa niaba ya wakulima wetu wa milimani.

Sporobolus haina adabu hiyo. Mbegu zake zikilowa hutoa ute unaonata kwenye manyoya ya wanyama, na ilipotoka Afrika ikafika Queensland, Australia, iligeuka gugu sugu la malisho.

Sokoni, kunja ncha ya fagio kabla ya kulipa. Ikijinyoosha, chukua, ikikatika, lilivunwa kwa kuchelewa. Nyumbani litundike, kwani likisimamishwa kwa masuke hulala upande mmoja na halinyooki tena.