Majini na Ifriti Wapigana Katika Soko la Toi

Msomaji wangu, ukisikia kwamba mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, mwenye wajukuu na mvi zake, ameonekana ameketi juu ya debe ndani ya kibanda cha sokoni huku akipigana na ifriti, usikimbilie kusema amerogwa. Nisikilize kwanza, kisha uhukumu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, na umri wangu wa kazi niliumaliza kwenye ukarani. Binti yangu anakaa Nairobi, mtaa wa Woodley, na mamake alipofariki alinisihi nije nikae naye. Nikaja. Miezi mitatu ya mwanzo sikuwa na shughuli ila kuhesabu matatu zinazopita barabara ya Ngong, maana Nairobi hakuna baraza. Watu hupishana mbio, kila mmoja na lake, na ukimtolea mtu salamu ndefu hukutazama kana kwamba unataka kumkopa.

Siku moja nikatoka kwenda Toi kununua suruali.

Soko la Toi liko nyuma ya Adams Arcade, ukingoni mwa Kibera, si mbali na Makina walikokaa Wanubi, wazao wa wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza katika jeshi la King's African Rifles. Hao ndio waliopaita mahali pale Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Siku hizi msitu ni wa mabati na maturubali. Marobota ya mitumba hupasuliwa alfajiri, na wajuao hudamka wapate "kamera", yaani nguo za juu kabisa zisizo na doa, kabla hazijabaki zile za kufagia. Mimi nilifika saa tano nikakuta za kufagia.

Nikiwa narudi mikono mitupu nikapita kibanda kimoja kidogo, cha fundi wa kompyuta kuukuu na simu zilizovunjika. Fundi mwenyewe ni Mnubi, kijana wa miaka kama thelathini, mwenye kofia na ndevu chache. Hakuwa na mteja. Mbele yake palikuwa na kioo cha kompyuta, na ndani ya kioo mji wa theluji wenye minara mirefu, na kiumbe mmoja anaelea hewani.

"Huyo si jini?" nikauliza.

"Ni jini, Mzee. Karibu uketi." Akanisogezea debe.

Basi ndivyo nilivyoingia.

Mchezo wenyewe unaitwa Heroes of Might and Magic III. Ulitengenezwa Marekani na kutolewa mwaka 1999, na kampuni iliyouza ikafilisika mwaka 2003, haki zake zikanunuliwa na Wafaransa wa Ubisoft. Kampuni ilikufa, mchezo ukabaki. Mpaka leo uko duniani watu wanaoucheza na kuuongezea miji mipya. Fundi aliukuta ndani ya mtambo mkuukuu uliotupwa na ofisi fulani. Nikamwambia, "Kumbe nao ni mtumba." Akacheka, akasema, "Lakini huu ni kamera, Mzee."

Nieleze kwa ufupi, kwa faida ya wasioujua. Unapewa mji na shujaa mmoja. Mashujaa wako hutembea juu ya ramani, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu za siku hiyo, kisha unafunga siku na kumwachia mwenzako zamu. Hapana kukimbizana wala kubofyabofya kwa pupa. Waweza kufikiri nusu saa na hakuna anayekulaumu, ila mwenzako aliyechoka kungoja. Mali ni za namna saba: mbao, mawe ya madini, zebaki, kiberiti, fuwele, vito na dhahabu. Ukitaka kujenga mnara wa waganga utahitaji vitu fulani, ukitaka kumwajiri jitu utahitaji vingine, na daima kile unachokihitaji ndicho ulichokitumia jana. Askari wapya huzaliwa kila siku ya kwanza ya juma. Majeshi yakikutana, hufunguliwa uwanja wenye vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, na hapo napo ni zamu kwa zamu.

Aina za miji katika mchezo ule wa asili ni nane. Mmoja ni wa maiti, ambako shujaa huinua mifupa ya waliouawa ikawa askari wake. Huo nilisema tangu mwanzo sitaugusa. Mmoja ni wa moto, na ndani yake mnakaa ifriti. Mimi nikachagua ule wa theluji, wa majini. Fundi akachagua wa moto.

"Mwanangu," nikamwambia, "miji yote minane, wewe umeona huu?"

"Mzee, hawa nawatawala, siwaabudu."

Na hapa nistaajabu kidogo. Waliotunga mchezo huu ni watu wa Amerika, lakini wamejua kwamba jini na ifriti ni mahasimu: jini akimpiga ifriti, pigo lake huzidi nusu kuliko kawaida. Yumo pia yule ndege mkubwa Rukhu, ambaye sisi tulimsikia kwa mabibi zetu katika visa vya Sindbad. Nilijihisi nimekutana na watu wa nyumbani ugenini.

Lakini usidhani ni mchezo wa watoto. Wiki tatu nzima nilipigwa. Nilipigwa na kompyuta, nikapigwa na fundi, na siku moja nikapigwa na kundi la viumbe waliokuwa wakilinda rundo la mbao, wala hawakuwa na haja na mimi. Kosa langu lilikuwa moja, na aliyenionyesha ni marehemu baba yangu, aliyekufa kabla ya kompyuta kufika mtaani kwetu.

Baba alikuwa mcheza bao. Simaanishi bao la watoto, ila bao la Kiswahili lenyewe, la mashimo 32 na kete 64. Wajuao wanajua: kila mtu huanza na kete sita ndani ya nyumba, mbili na mbili pembeni, na 22 mkononi. Kwanza mnanamua, kete moja moja zikiingia ubaoni, mpaka mikono iwe mitupu. Ndipo huja mtaji, na hapo ndipo huonekana nani alikuwa akicheza na nani alikuwa akitupa kete. Kila nilipokula kwa pupa, baba aliniambia: "Umefurahi kwa kete tatu, nyumba yako umemwachia nani?" Na kweli, zamu ya pili nyumba ilikuwa imeliwa, mstari wa mbele hauna kitu, ikawa hamna.

Basi katika huu mchezo wa Kizungu nilikuwa nafanya yale yale. Nikiona dhahabu mlimani, namtuma shujaa na jeshi lote. Kurudi nakuta ifriti wamekaa katika kiti changu. Na sheria yake ni hii: ukipokonywa mji wako wa mwisho, hujafa papo hapo. Unapewa siku saba. Ukiteka mji wowote ndani ya siku hizo, unaendelea, zikipita, umetoka.

Iko tofauti moja kubwa na bao. Katika bao kila kitu ki wazi, kete za mwenzako unazihesabu. Huku ramani imefunikwa giza, na hujui mwenzako ana nini mpaka uende ukatazame. Fundi, kwa kuwa ni mfanyabiashara wa Toi, amelizoea giza hilo. Robota unalinunua limefungwa, hujui kama ndani mna mashati mazima au matambara. Mimi karani nimezoea vitabu vya hesabu vilivyo wazi. Kwa hiyo alinishinda sana.

Tulipozoeana akapandisha ugumu hadi daraja la tano, lile ambalo wenyewe wamelipa jina la "lisilowezekana". Hapo unaanza huna mbao wala dhahabu wala kitu chochote, ila mji na shujaa na askari wake wachache. Mchezo mmoja wa namna hiyo ulituchukua miezi miwili, Jumamosi kwa Jumamosi. Kila tulipoacha, tuliuhifadhi ndani ya flashi, nami nikapewa niitunze kwa kuwa ni mkubwa. Ilikuwa amana, maana kompyuta ni moja, na mmoja wetu angeweza kufungua peke yake akachungulia upande wa mwenzake. Sikuchungulia. Nakiri kwamba usiku mmoja niliishika mkononi muda mrefu.

Najua swali mlilo nalo. Je, yafaa? Mimi sina elimu ya kufutu. Nijualo ni lile tulilofundishwa chuoni: kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi sataranji imehesabiwa makuruhu maadamu hapana kamari na hakuna Swala inayopotezwa, na michezo ya dado imekatazwa. Mchezo huu ni kama sataranji, lakini ndani ya tumbo lake mna bahati inayorushwa usipoiona. Wenye elimu watasema. Lakini juu ya Swala naweza kujitolea ushahidi mwenyewe. Jumamosi moja majini wangu walikuwa wamezingira ngome, nikasema moyoni, zamu hii moja tu. Nilipoinua kichwa, kijua kilikuwa kimezama nyuma ya mabati, na Alasiri imenipita. Fundi alikuwa kimya. Yeye alitoka akaswali, akarudi, akanikuta pale pale, na kwa adabu hakunambia kitu. Aibu ile sikuimaliza hata baada ya kulipa. Tangu siku ile tukawa tunafunga mtambo mara tu wakati unapoingia, hata kama ifriti yuko mlangoni. Yeye naye ana lake: mteja alisimama na simu yake iliyopasuka kioo, akangoja, akachoka, akaenda kibanda cha pili.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, moto uliliteketeza Soko la Toi. Halikuwa jambo geni kwa soko hilo. Lilivunjwa na kuchomwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mapema mwaka 2008, na liliungua tena mwezi Machi 2019. Lakini mara hii watu walipoteza roho zao. Mungu awarehemu. Sisi Woodley tuliamshwa na moshi, na mbingu ya upande ule ilikuwa nyekundu.

Kulipokucha nikaenda. Watu walikuwa wakifukua majivu kwa fito, wakitafuta cherehani, kufuli, chochote cha chuma. Nikamkuta amesimama pale palipokuwa kibanda chake, amevaa kanzu ya kulalia na makoti mawili. Kompyuta ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa. Kilichomuuma si hiyo. Mle ndani mlikuwa na mitambo minne ya wateja na simu nisizojua idadi yake, nao wenyewe walikwisha anza kufika.

Akaniona, akasema, "Mzee, mji umeanguka. Nina siku saba."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamshika mkono tu.

Nilikuwa na akiba kidogo ya kiinua mgongo. Nikamwambia nitampa shilingi elfu ishirini. Akakataa kupewa, akakubali kukopeshwa. Tukaandika karatasi, na mashahidi wawili, kama tulivyoamrishwa katika mambo ya deni. Siku ya tano alikuwa amesimamisha nguzo. Mabati mengine ni yale yale yaliyoungua, meusi, yamenyooshwa kwa nyundo. Jirani yake, mama mmoja anayeuza viatu, alimwachia hatua mbili za nafasi yake ili mlango ufunguke vizuri. Wateja wanne amewaahidi atawalipa kidogo kidogo. Wawili wameridhika, mmoja ananung'unika, na wa nne ametishia kumpeleka kwa chifu.

Mwezi wa pili wake akapata kompyuta nyingine, kuukuu kuliko ile. Nikampelekea flashi ndani ya bahasha. Njiani nilikuwa nimekwisha fikiri la kumwambia, kwa sababu nilikumbuka vizuri mahali tulipoachia: majini wangu walikuwa langoni mwa mji wake wa mwisho, na zamu ilikuwa yangu.

"Mwanangu," nikasema, "tuanze mchezo mpya. Huu umeshachakaa."

Alinitazama. "Mzee, pesa ulinikopesha nikazipokea. Hili usinipe. Cheza."

Nikacheza. Vita vilikuwa virefu. Ifriti wake walinimalizia waganga wote na nusu ya majini, na mara mbili nilidhani nimekwisha. Mji nikauteka. Fundi akavuta kiti, akatazama ramani, akanyamaza kama baba alivyokuwa akinyamaza mbele ya bao. Alikuwa amebakiwa na shujaa mmoja, yuko porini upande wa kusini, na jeshi ambalo sijui ni kiasi gani, maana huko kwangu ni giza.

Adhana ya Magharibi ikatoka Makina. Tukahifadhi, nikaichukua flashi, tukaenda kuswali. Ana siku saba, na Jumamosi, Insha'Allah, ni zamu yake.