Si Kila Msichana ni Soprano

Kila msimu wa Tamasha la Muziki la Kenya unapokaribia, walimu wa kwaya hukabiliwa na kazi ya kuwagawa waimbaji katika sauti nne. Tamasha hilo lilianza mwaka wa 1927, lakini mtindo wa kuwagawa wasichana katika shule nyingi ungali wa kubahatisha. Mwenye umbo dogo na sauti kali hupachikwa katika soprano, yaani sauti ya kwanza. Waliosalia husukumwa katika alto kana kwamba wameshindwa mtihani. Kwa maoni yangu, mtindo huu unawadhulumu wanafunzi na kuhatarisha koo zao.

Sauti huzaliwa pale hewa kutoka mapafuni inapozitetemesha nyuzi mbili ndogo zilizomo kooni. Nyuzi fupi na nyembamba hutetemeka upesi na kutoa sauti ya juu. Ndefu na nene hutoa sauti nzito. Noti ya C iliyo katikati ya kinanda huhitaji mitetemo 262 hivi kwa sekunde, ilhali C iliyo oktava mbili juu yake huhitaji takriban 1,046. Ni dhahiri, basi, kwamba aina ya sauti hutokana na maumbile, wala si bidii au cheo.

Je, soprano atambulikanaje? Wengi hudhani kwamba ni yule awezaye kuigusa noti ya juu kabisa. La hasha! Soprano wa kwaya huimba kuanzia C ya kati hadi kwenye A ya oktava ya pili, lakini mezo-soprano, ambaye sauti yake ipo kati ya soprano na alto, huenda akaifikia A iyo hiyo. Tofauti ni kwamba soprano hukaa huko juu kwa starehe, na mwenzake hupita tu kama mgeni. Kufika si kukaa.

Kwa hivyo, nawashauri walimu wenzangu wamsikilize kila mwanafunzi peke yake, baada ya kuipasha sauti moto. Aimbe ngazi ya noti kwa irabu moja, akipanda na kushuka polepole. Mwalimu achunguze mambo matatu: ni wapi sauti inang'aa bila jitihada, ni wapi inapogeuka kutoka sauti ya kifua hadi ya kichwa, na ni wapi shingo na taya huanza kukakamaa. Jaribio lirudiwe siku nyingine, kwani mafua na uchovu huweza kumpotosha msikilizaji.

Hata baada ya hayo, uamuzi usiwe wa kudumu. Mvulana aliyeimba soprano katika shule ya msingi huweza kushuka kwa oktava nzima anapobaleghe. Sauti ya msichana nayo hubadilika, ingawa kwa kiasi kidogo, na huchukua miaka kadhaa kukomaa. Majina makubwa ya jukwaa la opera, kama vile soprano koloratura au soprano wa kidrama, hayamfai mtoto wa miaka kumi na mitano.

Anayelazimishwa kupaza sauti kupita kadiri kila siku huweza kuota vinundu kwenye nyuzi za sauti. Dalili yake kuu ni ukwaruzo usiokwisha. Ukidumu kwa zaidi ya majuma matatu, mwanafunzi apelekwe kwa daktari. Asiambiwe ajikaze kwa ajili ya kombe.

Nao wanafunzi wasiionee haya sauti ya pili. Marian Anderson wa Marekani alikuwa kontralto, yaani mwenye sauti nzito zaidi miongoni mwa wanawake. Mwaka wa 1939 watu wapatao 75,000 walikusanyika Washington kumsikiliza, na mwaka wa 1955 akawa mwimbaji pekee wa kwanza mweusi kuimba katika Metropolitan Opera ya New York. Hakuhitaji kujigeuza soprano ili asikike.

Kwaya isiyo na alto imara ni nyumba iliyoezekwa vizuri juu ya kuta dhaifu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kazi yetu walimu ni kuutambua ubawa huo mapema, kabla hatujauvunja.