Wataka Kuvua? Anza na Mshipi

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mmoja wa vijana wa pwani walioweka akiba kidogo, na sasa wataka kuingia katika kazi ya uvuvi. Ukishuka dikoni utaona nyavu zimeanikwa, na moyo utatamani wavu. Ngoja kwanza.

Wavu mpya, pamoja na maboya na kamba zake, ni fedha nyingi. Tena wahitaji chombo na wenzi wa kukusaidia. Kwa hiyo wengi hukopa kwa mnunuzi wa samaki, naye akiisha kukukopesha, bei ya samaki wako huipanga yeye. Wengine hununua wavu wa nailoni wa uzi mmoja usiosokotwa, ule ambao huko Ziwa Victoria huitwa timba, maana ni rahisi. Hapa Tanzania wavu huo umekatazwa na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Ukikamatwa nao utanyang'anywa, na mashtaka juu yake. Urahisi gani huo? (Uzi wa namna hiyo kwa mshipi hauna neno. Kilichokatazwa ni wavu wake.)

Basi anza na mshipi. Haja yako ni vitu vitatu: uzi, ndoana na chubwi.

Katika uzi usifanye ubahili. Kwa changu wa mwambani, unene wa milimita 0.6 hivi watosha. Nailoni haiozi majini kama uzi wa pamba wa wazee wetu, lakini jua huidhoofisha polepole, wala macho hayatambui. Mimi nilinunua uzi uliokuwa ukining'inia juani mlangoni mwa duka, kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Samaki wa kwanza wa maana alivuta mara moja tu, uzi ukakatika kama wa buibui, akaenda zake na ndoana na chubwi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, piga fundo, lilowanishe kwa mate, kisha uvute kwa nguvu. Pitisha pima moja au mbili katikati ya vidole. Ukisikia mikwaruzo, urudishe.

Katika ndoana wanaoanza hukosea namba. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Chukua ndogo, maana kinywa cha changu si kikubwa. Gusisha ncha yake juu ya ukucha: ikiteleza ni butu, iache.

Chubwi usinunue. Nati kuukuu ya gari au jiwe lenye tundu vyafaa. Wako wanaoyeyusha risasi ya betri za gari jikoni. Wewe usithubutu, kwani moshi na vumbi lake ni sumu, na huharibu ubongo wa watoto wadogo.

Mwamba nao utadai sehemu yake. Wavuvi wenye akili hufunga chubwi kwa kiuzi dhaifu, na uzi wa ndoana huufanya mwembamba kuliko mshipi wenyewe. Kitu kikinasa chini, hukatika kilicho rahisi, na mshipi wako warudi mzima. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukikivika kidole cha shahada, kitakukinga usikatwe na uzi.

Siku za kwanza nenda wakati wa maji mafu. Kwenye bamvua mkondo huwa mkali, chubwi haitulii chini, nawe utadhani vifaa vyako ni vibaya. Na kabla hujatia mguu majini, uliza habari ya leseni kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako.

Ukirudi, suuza mshipi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uuzungushe kwenye kipande cha ubao, uuweke ndani ya nyumba mbali na jua. Panya nao uwaangalie, kwa maana harufu ya chambo huwavuta.