Mkate wa Jana Usitupwe

Huko Uingereza, Alhamisi ya mwisho ya Februari huitwa Siku ya Tosti. Huenda tukacheka: mkate uliobanikwa nao una sikukuu? Lakini ndani yake mna funzo kwetu.

Tosti ni njia kongwe ya kuuokoa mkate. Mkate ukilala hukakamaa. Ukipata moto hulainika ndani, na nje ukawa mkavu, wenye rangi ya dhahabu na harufu ya kuamsha hamu.

Wala hatuhitaji mashine. Vipande vya boflo vikiwekwa kwenye waya juu ya makaa yaliyofifia, au katika kikaango kikavu, na kugeuzwa mapema, vyatosha. Viwe vya dhahabu, visiwe vyeusi. Mkate ulioota kuvu ndio usioliwa.

Dini yetu imetukataza israfu. Hata hivyo majumbani mwetu, hata katika Ramadhani, hutupwa mkate ambao jirani angeushukuru. Akina mama, tuanze na chai ya kesho asubuhi: wa jana uliwe kwanza, kisha ndipo mtoto atumwe dukani. Na ukizidi, tumpelekee jirani ungali laini.