Utingo wa Banda la Gemu

Katika mabanda ya gemu ya Babati mjini, mpira ndio mwenye nyumba. Vijana wanachagua Real Madrid au Manchester City, wanatambiana, anayefungwa analipa na kumpisha mwenzake. Gemu la magari huwekwa mara chache, aghalabu mchana banda likiwa bado jeupe, au mvua inapowafungia watu ndani. Likiwekwa, na hasa ukichaguliwa ule mchezo wa kuserereka kwenye kona, adabu ya banda hugeuka. Matambo yanakoma. Anayeserereka hana mpinzani wa kumzomea, anapigania alama zake mwenyewe, na benchi zima linageuka kuwa jopo la mafundi.

Gemu la Need for Speed: Underground, lililotoka 2003, ndilo lililowazoesha wengi mtindo huo. Kadiri mkia wa gari unavyokaa nje kwa muda mrefu ndivyo alama zinavyopanda, na ukigusa ukuta, alama za mserereko huo zinayeyuka zote. Sheria hiyo moja inatosha kumtia mtu adabu.

Mgeni hapewi pedi siku ya kwanza, na sababu ni ya kifedha tu. Muda unalipiwa, na asiyejua ataumaliza akigonga kuta. Kwa hiyo anakaa nyuma, anatazama. Wakubwa wake humkataza hata kuangalia kioo: atazame vidole gumba vya mchezaji, kwa sababu kwenye kioo ataona matokeo, lakini chanzo kiko mkononi. Atajifunza kwamba kona inaingiwa kwa mwendo, kisha mafuta yanaachiwa kidogo, breki ya mkono inaguswa mara moja na kuachwa. Mkia ukitoka, usukani unarudishwa upande uleule mkia ulikokwenda, na mafuta yanarudi kidogokidogo kuushikilia hapo.

Kila anayeanza hukosea palepale. Kona ni ya kushoto, naye anazidi kukata kushoto, gari linajizungusha kama pia. "Dogo, rudisha usukani!" benchi linafoka. Akisikia, anasukuma kidole mpaka mwisho, gari linanyooka ghafla na kurukia upande wa pili. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na humo ndimo ufundi wote ulimo. (Halafu ipo pedi iliyochakaa, inayovuta gari upande mmoja bila kuguswa. Kila banda linayo, na wenyeji wanajua kuikwepa.)

Utaratibu huu wa kutazama kwanza si mgeni Babati. Huu ni mji wa madereva, uliokaa pale barabara za Arusha, Singida na Dodoma zinapokutana. Kabla ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kuzinduliwa Aprili 2018, malori ya masika yaliteleza kwenye tope la njia ya Kolo na Bonga. Utingo alikaa kushoto, akashuka kuweka mawe, akapanda tena, akaitazama mikono ya dereva msimu mzima kabla ya kuonjeshwa usukani. Na alichofundishwa ni kilekile: likiteleza, usikanyage breki kwa hofu, fuata mkia. Tofauti ni kwamba dereva wa lori alitaka mtelezo uishe, na kijana wa banda anataka uendelee.

Hiyo tamaa ya kuuendeleza imetoka Japani. Dereva Kunimitsu Takahashi alipita kona akiserereka kwenye mashindano ya miaka ya 1970, dereva mwenzake Keiichi Tsuchiya akauchukua mtindo na kuupeleka kwenye barabara za milimani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tayari kulikuwa na ligi yake, D1. Magari yenyewe yalitufikia kwa njia nyingine, yakiwa mitumba kupitia bandari ya Dar es Salaam, usukani kulia. Ndiyo maana mvulana wa Babati akisimama kando ya barabara anayapanga magari ya watu kwa mizani yake: IST haiwezi, inavutwa na tairi za mbele, Mark II na Altezza zinaweza, zinasukumwa na za nyuma. Hajawahi kuendesha hata moja.

Wazazi wanalalamika kwamba mabanda yanaficha watoro, na mwenye banda anayeingiza sare za shule saa nne asubuhi hana utetezi kwangu. Lakini wanaposema humo hakuna kinachofundishwa, wanakosea. Hata hivyo nisingempa fundi wa pedi ufunguo wa gari langu. Kwenye kiti cha plastiki huusikii uzito wa gari ukihama, na kwenye gemu hakuna bajaji inayokukatia mbele pale stendi.

Anayepata kona yake ya kwanza safi, bila kugusa ukuta, hapongezwi. Anaambiwa arudie. Akiirudia na kuirudia, anasogezewa nafasi benchi la mbele, na hapo jukumu linamhamia: atamfundisha anayefuata, bure, tena bila kumpokonya pedi. Wadogo wataanza kumwita fundi, hata kama nyumbani bado anatumwa maziwa.