Sululu na Njumu za Barafu

Sisi wa kando ya Ziwa, wa Musoma na Bunda, barafu tuliijua kwanza kwa ajili ya samaki, ile inayovunjwavunjwa mwaloni na kumwagwa juu ya sangara kabla jua halijapata nguvu. Na kila aliyepata kuivunja anaifahamu tabia yake, kwamba ukiipiga kwa kitu butu hupasuka vigae vikakurukia usoni, bali ukiichoma kwa ncha nyembamba huipokea ncha ile na kuikamata, hata kuing'oa ikawa taabu. Juu ya tabia hiyo yamesimama maarifa yote ya kuchagua zana za kupandia barafu.

Je, wajua kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walipokuwa wakiitafuta njia ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwezi wa Oktoba 1889, iliwabidi kuchonga ngazi katika barafu kwa sululu, na kila ngazi moja ikawagharimu mapigo yapatayo 20, mahali ambapo hata kuvuta pumzi ni kazi? Adha hiyo ilipunguzwa na njumu. Mnamo 1908 Oscar Eckenstein, mhandisi wa Uingereza, alisanifu njumu za chuma zenye meno 10, za kufungwa chini ya kiatu. Na mwaka 1929 Laurent Grivel, wa ukoo wa wahunzi wa Courmayeur huko Italia, akaongeza meno mawili yanayotazama mbele kama pembe za konokono. Mawili hayo yalibadili mambo yote, kwa sababu mpandaji aliweza sasa kuuelekea ukuta, akachoma ncha za vidole, akashusha visigino, akasimama pasipo ngazi.

Sululu nayo ilikuwa ndefu na mdomo wake umenyooka, hata Yvon Chouinard, Mmarekani aliyejifunza uhunzi mwenyewe, alipoupinda ufuate mzunguko wa mkono unaopiga, ili usichomoke unapovutwa kwenda chini. Mwaka 1975 alipanda nayo Diamond Couloir, ufa wa barafu wa Mlima Kenya, ambao Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge walikuwa wameutangulia mwaka 1973.

Basi achague nini mtu? Anayetaka kufika kileleni Kibo, alipousimamisha Mwenge wa Uhuru Luteni Alexander Nyirenda, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Mwenge ambao Mwalimu wetu wa Butiama aliunena miaka miwili kabla, na akaifuata njia ya Marangu, kwa kawaida hahitaji sululu wala njumu. Nguo za joto na subira zamtosha, na anayemshawishi kununua zaidi anamtafutia mzigo. Lakini mwenye kukusudia barafu yenyewe aanze na kiatu, kwani soli inayokunjika huziachia njumu katikati ya ukuta, na azijaribu nyumbani, akitikisa mguu kwa nguvu kabla ya kufunga kamba. Kisha apime madini: alumini ni nyepesi na yapendeza mkononi, ila hubutuka upesi ikikutana na jiwe. Na Kibo, ambacho tangu 1912 kimepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, siku hizi humkutanisha mpandaji na mawe ya volkano kabla ya barafu na baada yake, meno yakikwaruza kwa mlio wa kisu juu ya kinoo. Hapo, uzito na uwe uzito, mimi ningechukua chuma cha pua.